Daftari la ajali lina jina moja tu

Shikamoo mama,

Mimi ni fomeni kwenye saiti ya ghorofa huku Mtumba, Dodoma. Nina miaka 44. Kazi hii niliianza kama saidia fundi wa kubeba tofali, nikapanda pole pole mpaka nikapewa kusimamia watu. Nakuandikia kwa sababu ya kijana mmoja. Bosi ameniagiza nimwandikie barua ya kumwachisha kazi kabla mwezi haujaisha, na mkono wangu unakataa.

Miezi mitatu iliyopita fundi wetu mmoja alianguka kutoka ghorofa ya nne. Ubao wa jukwaa ulikatika. Huyu kijana alikuwa naye palepale, wanapiga lipu ukuta wa nje, bega kwa bega. Alijaribu kumdaka, akabaki na kipande cha shati mkononi. Mwenzake alikata roho kabla hatujamfikisha hospitali. Yeye hakupata hata mchubuko. Tukamshukuru Mungu, tukazika, siku ya nne zege likaendelea.

Wiki ya kwanza alikuwa sawa kabisa, tena yeye ndiye aliyekuwa akiwatuliza wengine. Baadaye mambo yakageuka. Ubao ukidondoka hata upande wa pili wa jengo, anaruka na kujibana ukutani. Akienda kunywa maji anazunguka jengo zima ili asipite pale. Ukimwambia apande anaitikia "sawa fomeni", anafika ngazi ya pili, jasho linamtiririka, anashuka. Wenzake aliopanga nao chumba Ihumwa wanasema usiku anapiga kelele. Zamani yeye ndiye aliyetuchekesha kwa mama ntilie, sasa anakaa pembeni na sahani inarudi na wali wake. Ameanza kunywa, naye hakuwa mnywaji. Wiki iliyopita alimsukuma saidia fundi akaanguka, kosa lake ni kumgusa bega kwa nyuma. Na kuna jioni aliniambia, "Fomeni, ningeanguka mimi ingekuwa nafuu." Sikujua nijibu nini. Nikamwambia aache mawazo.

Bosi anasema anajifanya ili alipwe bila kupanda. "Dawa ya moto ni moto, mpandisheni atazoea." Tulijaribu. Vijana wawili walimpandisha wakimshika mikono, akatapika kule juu, tukamshusha kama mgonjwa. Injinia naye, kwa nia njema, alitukusanya sote tusimulie mmoja mmoja tulichokiona siku ile. Kijana alizungumza mpaka kwenye lile shati, akashindwa kuendelea. Tangu siku hiyo amezidi. Mafundi wengine wanasema damu ya marehemu inamwandama. Wengine wanamtania, "Mirembe si mbali, ni nauli ya daladala tu." Shangazi yake alimpeleka kwenye maombi, akatulia siku mbili tatu.

Nilifungua daftari letu la ajali kuona kama kuna pa kuanzia. Siku ile limeandikwa jina moja, la marehemu. Sasa nitasemaje huyu naye aliumia kazini, wakati hana kidonda? Ana mkataba, amefanya kazi nasi miaka miwili, ana mke na mtoto mdogo Kondoa.

Mimi niko salama. Sema usingizi umepungua, saa nane za usiku naamka nawaza ratiba, maana asubuhi ile mimi ndiye niliyepanga nani apande wapi. Kofia ya marehemu bado ipo kwenye kontena la vifaa, hakuna anayeigusa. Lakini hilo si swali langu. Swali langu ni moja: niandike barua, au kuna njia nyingine?

Fomeni, Dodoma

*

Marahaba mwanangu.

Usiiandike hiyo barua. Nitakueleza kwa nini, lakini kuna jambo haliwezi kusubiri maelezo yangu. Kijana amekwambia kwamba angeanguka yeye ingekuwa nafuu. Mtafute leo, si kesho. Mkae wawili mahali palipo mbali na saiti, na umuulize kwa maneno yaliyo wazi: "Mdogo wangu, lile uliloniambia jioni ile, unafikiria kujiua?" Najua mdomo utakuwa mzito. Watu wengi hudhani kuuliza ni kumtia mtu wazo. Miaka yote niliyofanya uuguzi wa afya ya akili sikuona hivyo, na wataalamu wanasema vilevile: wazo kama lipo, lilikuwapo kabla hujauliza, na anayeulizwa kwa upendo mara nyingi hushusha pumzi kwa sababu hatimaye kuna mtu wa kubeba naye. Akikubali, au akinyamaza kwa namna inayokutia shaka, asilale peke yake. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, na aitwe ndugu mmoja anayemwamini. Ile pombe nayo izungumzwe, maana mtu mwenye mawazo hayo akilewa hufanya lile ambalo akiwa mzima angelisita.

Ulimwambia aache mawazo. Sikulaumu, ndivyo tulivyolelewa kujibu. Lakini mawazo haya hayaachwi kwa kuamua.

Sijamwona kijana, kwa hiyo kuupa ugonjwa wake jina si kazi yangu, ni ya daktari atakayemkalisha na kumsikiliza. Ila ndoto za usiku, kuruka kwa mlio wa ubao, kuukwepa upande ule wa jengo, hasira za ghafla na kujitenga na watu vinafanana sana na ile hali inayoitwa msongo wa baada ya kiwewe. Aliyeshuhudia kifo cha namna ile kuwa hivyo wiki za mwanzo si ugonjwa, na wengi hutulia wenyewe wakiwa na watu wao, wakila, wakilala. Wataalamu hutumia mwezi mmoja kama kipimo. Hali ikipita mwezi na bado inamzuia mtu kazi, kula na kulala, hapo inataka tiba. Yeye ana miezi mitatu. Na kwamba mwanzoni aliwatuliza wengine, bosi wako asiligeuze kuwa ushahidi kwamba anajifanya. Nimewaona wengi waliosimama imara mpaka matanga yakaisha, ndipo wakaanguka.

Ukitaka kuelewa kinachomtokea, fikiria hivi. Wewe siku ile unaikumbuka kama jambo lililopita. Kwake bado haijapita. Ubao ukilia, mwili wake unajibu kana kwamba shati liko mkononi sasa hivi: moyo unakimbia, jasho linatoka, miguu inataka chini. Hachagui. Ndiyo maana alitapika kule juu, na mtu hajifanyi kutapika.

Sasa hiyo methali ya bosi. Dawa ya moto ni moto, na ajabu ni kwamba ana robo ya ukweli. Tiba mojawapo inayosaidia watu wa namna hii ni kuwarudisha kidogo kidogo kwenye kile wanachokiogopa. Lakini hufanywa na mtaalamu aliyefunzwa, kwa kipimo, na mgonjwa mwenyewe akiwa ameridhia na akijua kwamba akisema basi, ni basi. Mlichofanya nyinyi ni kumburuta mpaka mahali mwenzake alipofia, mikono imeshikwa, wenzake wanatazama. Mwili wake umejifunza jambo moja tu siku hiyo: kwamba hata watu wa saiti hawamwachii ashuke. Muombe radhi. Wewe uliyekuwepo, na wale vijana wawili.

Kikao cha injinia nacho nakielewa, na moyo wake ulikuwa mahali pazuri. Kwa miaka mingi sehemu nyingi duniani walifanya hivyohivyo baada ya ajali: kusanya watu, kila mtu atapike yote. Ikaja kuonekana kwamba haiwakingi na ugonjwa, na wengine inawazidishia. Shirika la Afya Duniani halishauri kumsukuma mtu kusimulia alichokiona. Linachoshauri kwa siku za mwanzo ni kitu cha kawaida sana ambacho hata wewe unaweza: kuangalia nani hayuko sawa, kumsikiliza kwa kadiri anavyotaka kusema, na kumuunganisha na msaada, uwe ni nauli ya kwenda kwa mkewe, chakula, au daktari. Mama ntilie naye mkumbuke. Kama banda lake linatazama upande ule, aliona, na nina hakika hakuna aliyemuuliza.

Kuhusu Mirembe, niruhusu niseme kwa uchungu kidogo. Hospitali ile ipo hapa Dodoma tangu 1927, leo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na nchi nzima imeifanya tusi. Mtu akikosea hesabu, "peleka Mirembe". Matokeo yake nimekutana na watu wanaokaa mwendo wa daladala moja kutoka kwenye tiba, wakaikwepa miaka kwa kuogopa kuonekana getini. Kwenda kliniki si kulazwa, wala si kufungiwa. Unaandikishwa, unakaa benchi, unaonwa, unarudi nyumbani. Kama jina hilo linamtisha sana kwa sasa, aanzie General, hospitali ya rufaa ya mkoa, aseme ukweli wake wote, nao watampa rufaa inapobidi. Huko watamsikiliza, wataangalia kama anahitaji tiba ya mazungumzo, dawa, au vyote viwili. Asijinunulie vidonge vya usingizi duka la dawa. Vinamlaza usiku mmoja, kisha anakuwa mtumwa wa vidonge. Na wale wanaomtania, wewe ndiye fomeni: neno hilo likitamkwa saitini mbele yako, likatae hapohapo, kwa sauti ileile unayotumia mtu akipanda bila kofia.

Maombi yaendelee kama yanampa amani. Shangazi yake si adui wa tiba. Mwombe awe ndiye anayemsindikiza, maana kijana akisikia "twende" kutoka kwa shangazi ni rahisi kuliko kusikia "nenda" kutoka kwa bosi. Na hilo la damu ya marehemu kumwandama, usibishane na wazee kazini. Waambie tu kwamba marehemu alikuwa rafiki yake, na rafiki hamwandami rafiki aliyejaribu kumdaka.

Sasa lile daftari.

Umeuliza utasemaje aliumia wakati hana kidonda. Mwaka 2010 Shirika la Kazi Duniani liliporekebisha orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi, liliyaingiza humo matatizo ya akili, na la kwanza kutajwa ni hili la baada ya kiwewe. Maana yake ni kwamba hili si jambo nililolibuni kumwonea huruma kijana wako. Fungua tena ukurasa wa siku ile, andika jina lake chini ya la marehemu, andika alichokiona, andika tarehe dalili zilipoanza na nani aliziona. Weka na tarehe ya leo unapoandika, usijifanye uliandika siku ile. Kisha mwajiri atoe taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ikiambatana na ripoti ya daktari. Mfuko huo ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, mwajiri anauchangia, na mchango hautakiwi kukatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi. Kama hali yake italipiwa na kwa kiasi gani, Mfuko utapima wenyewe. Wewe usiamue kwa niaba yao kwamba haitakubaliwa, halafu usipeleke. Na msikawie, madai haya yana ukomo wa muda. Ukiwa kwenye jambo hilohilo, uliza kwa sauti kama taarifa ya marehemu ilipelekwa, maana mjane na watoto wake wana mafao yao pale. Nimeona familia zikirudi kijijini na rambirambi za kwenye bahasha, hazijui kwamba kuna pensheni ya wategemezi.

Bosi wako anaweza asiguswe na hayo yote, basi mpe yanayomhusu. Kijana ana miaka miwili kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya ugonjwa ya siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Kanuni za mwaka 2007 zinazofuatana na sheria hiyo zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mgonjwa, aangalie ugonjwa umetokana na nini na kama kuna kazi nyingine anayoweza kuifanya. Ugonjwa uliopatikana kazini kwake mwenyewe unamtwisha mzigo mkubwa zaidi. Akimwachisha kwa barua yako hiyo, kijana ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na pale ataulizwa mwandishi wa barua alijua nini. Utajibu nini, nawe umeshaniandikia mimi yote haya?

Mwambie bosi hivi: "Nipe kijana afanye kazi za chini, nimpeleke kwa daktari, tuongee tena daktari akishasema." Usiombe zaidi ya hapo kwa mara ya kwanza. Saiti haikosi kazi za chini. Akunje nondo, apokee saruji na kuhesabu, apige lipu vyumba vya ndani, afundishe saidia fundi. Iwe kazi kamili yenye maana, isiwe ya kumficha stoo kama mtu aliyeharibika. Mshahara usiguswe. Siku za kliniki zisihesabiwe utoro. Wenzake waambiwe na yeye mwenyewe akitaka, na kwa maneno anayoyachagua. Daktari akisema yuko tayari, apande ghorofa ya kwanza asubuhi moja kwenye utulivu, na mtu anayemchagua yeye, ashuke akitaka. Huenda asirudi kupiga lipu ghorofa ya nne maisha yake yote. Fundi hapimwi kwa urefu wa jukwaa, na mlikubali hivyo kwa mafundi wangapi wenye umri mkubwa?

Lakini mwanangu, kabla hujamfikiria yeyote kupanda, nijibu hili. Lile jukwaa limerekebishwa? Umeniandikia ubao ulikatika, hukuniandikia nini kilifanyika baadaye. Kama mbao ni zilezile na mikanda ya usalama bado iko kwenye maboksi, basi katika saiti nzima kijana huyo ndiye mwenye akili timamu kuliko nyote. Hofu ya kupanda ubao mbovu haina dawa hospitali. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aondoe hatari hiyo, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ndio wakaguzi wake. Kijana akiona mbao mpya, akaona mkanda umefungwa kwa kila anayepanda, atapata kitu ambacho maneno yangu hayawezi kumpa.

Nimalizie na yale uliyosema si swali lako.

Umesema uko salama, na sentensi iliyofuata ukaniambia unaamka saa nane za usiku. Hakuna fomeni anayewaza ratiba miezi mitatu mfululizo kwa saa ileile. Unawaza ratiba moja tu, ya asubuhi ile, unapanga upya nani apande wapi, na kila ukipanga inakuwa kuchelewa. Ulimpanga mtu kazini, na ndiyo kazi yako. Mbao ilikuwa mbovu. Kama kuna ulichokijua kuhusu ubao ule kabla, kiseme kwa daktari au kwa kiongozi wako wa dini, na kisha kwa wanaohusika na usalama, usikibebe peke yako usiku. Kama hukujua, lisemee hilo pia kwa mtu anayeweza kulisikia bila kukuharakisha. Nadhani mkono wako unakataa kuandika barua kwa sababu barua hiyo ingemwondoa saitini mtu pekee anayeijua asubuhi ile kama unavyoijua wewe.

Kwa hiyo mkienda hospitali, usimsubiri nje kwenye pikipiki. Andikisha na jina lako. Kaeni benchi moja. Na ukirudi saitini, kwenye daftari kuna nafasi chini ya jina la kijana.

Ile kofia itoe kwenye kontena. Usiifute vumbi kwanza. Mpigie mjane umuulize kama anaitaka, na kama anaitaka, ipeleke mwenyewe.